Pilote inasingiziwa: historia ya joto, umeme na kadi za picha Kolwezi

Mwezi wa kumi ndio mwezi mgumu kwa kompyuta za Kolwezi. Mvua bado hazijashika vizuri, mabati yanawaka tangu asubuhi, na ikifika saa moja jioni kila nyumba ya Dilala na Manika yenye umeme inawasha taa, jiko na televisheni kwa wakati mmoja. Saa hiyo ndiyo vyumba vya michezo hujaa. Vijana wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu, mechi ya PES imefika dakika za mwisho, halafu picha inaganda. Skrini inakuwa nyeusi, sauti inarudiarudia silabi moja, na baada ya sekunde chache kinatokea kile kisanduku ambacho kila mwenye kompyuta amekwisha kukisoma kwa Kifaransa: pilote ya picha imeacha kujibu, kisha imerudi. Mara nyingine hairudi. Inakuja skrini ya buluu na mashine inajiwasha upya.

Kinachofuata kinajulikana. Anaitwa fundi. Fundi anasoma neno "pilote", anafuta pilote, anaweka pilote mpya, analipwa, anakwenda. Kesho yake saa moja jioni mambo ni yaleyale. Anaitwa tena.

Pilote, ambayo Tanzania na Kenya huiita draiva, ni programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya Windows na kadi ya picha, kile kipande cha mashine kinachochora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini. Mkalimani akinyamaza, si lazima awe yeye aliyekosea. Huenda aliyekuwa akimtafsiria ameanguka. Jambo hili lina historia yake, na kwa sehemu kubwa historia hiyo inapita hapa hapa, kwenye ardhi ya Lualaba, kwa njia ambayo wachezaji wengi hawajaifikiria.

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya shaba na kobalti. Umeme ulikuja kwa ajili hiyo hiyo. Katika miaka ya 1950 Union Minière ilijenga mabwawa mawili juu ya mto Lualaba, Delcommune na Le Marinel, ambayo leo yanaitwa Nzilo na Nseke. Mji ulipata taa kwa sababu mgodi ulihitaji nguvu. Mtu aliyeishi kwenye nyumba za kampuni alikuwa na umeme, aliyeishi nje ya nyumba hizo alikuwa na makaa. Mpango huo haukubadilika sana kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines.

Halafu ikaja laini ya Inga. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi, kutoka bwawa la Inga karibu na bahari hadi Kolwezi, na wakati huo hapakuwa na nyingine ndefu kuliko hiyo duniani. Ilibeba umeme wa mkondo mmoja, ule usiogeuka njia, na umeme wa namna hiyo hauwezi kuchotwa katikati kwa transfoma ya kawaida. Basi nyaya zilipita juu ya vijiji kwa mamia ya kilomita bila kumwashia mtu hata taa moja, hadi zilipofika kwenye kituo cha Kolwezi ambako umeme unageuzwa tena kuwa ule wa kawaida. Laini ilitengenezwa kwa ajili ya shaba. Miaka minne baadaye, mwaka 1986, Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka, miaka iliyofuata ikaja fujo ya siasa na kufukuzwa kwa Wakasai mwaka 1992 na 1993, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Wazee waliolala kwenye stesheni ya treni siku zile, wakingoja behewa la kuwapeleka Kasai, hawahitaji kukumbushwa.

Wakati Kolwezi inazima, upande mwingine wa dunia mashine za picha zilikuwa zinawaka.

Mwaka 1996 kampuni ya Marekani iliyoitwa 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo, iliyofungua mlango wa michezo ya picha zenye kina kwenye kompyuta za nyumbani. Ukiiangalia leo unaweza kucheka: vidude vyake viko wazi, havina feni, havina hata kipande cha chuma cha kupoozea. Hewa ya ndani ya kasha ilitosha. Mwaka 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256, ikiwa na feni ndogo mgongoni, na umeme wote ilichota kwenye bodi yenyewe. Mwaka 2000 Voodoo5 5500 ilihitaji waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme. Mwaka 2003 ikaja GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilivuma kwa kelele kiasi kwamba Nvidia wenyewe walitengeneza video ya kujitania. Tangu hapo safari haikugeuka nyuma. GeForce RTX 4090 ya mwaka 2022 imepimwa kwa wati 450. Hiyo ni karibu nusu ya jiko dogo la umeme la wati 1,000, limefungwa ndani ya kasha la bati chini ya meza. Na umeme wote unaoingia kwenye kadi hutoka ukiwa joto. Kadi haipiki chochote, haisukumi chochote. Inahesabu tu, na kuhesabu kunatoa joto.

Joto hilo lilihitaji njia ya kutokea, na njia ilikuwa shaba. Shaba hupitisha joto mara moja na nusu zaidi ya alumini na hata kuzidi kidogo. Ndiyo sababu chini ya feni za kadi nzuri kuna bamba la shaba, na kutoka kwenye bamba hilo vinatoka vijibomba vya shaba vilivyopinda. Vijibomba hivyo vina kitu kidogo cha maji ndani. Maji yanachemka upande wa moto, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena na kurudi. Aliyeupa umbo la kisasa ufundi huo ni George Grover wa maabara ya Los Alamos huko Marekani, mwaka 1963, wakati watu walikuwa wanafikiria mitambo ya angani, si mpira wa kwenye skrini. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba hata nyaya ndogo sana za ndani ya chipu zitakuwa za shaba badala ya alumini. Mwaka 2017 Intel ilieleza kwamba katika baadhi ya tabaka za chipu zake mpya itatumia kobalti. Kwa hiyo mtoto wa Kolwezi anapofungua kompyuta iliyokufa, anaona mali ya kwao imerudi, imesafishwa na kupindwa, nayo inapoozea mchezo.

Ukweli kwamba ugonjwa wa kadi ni joto zaidi kuliko programu haukuja kwa urahisi. Miaka ya 2007 hadi 2010 ndiyo iliyoufundisha, na ilifundisha kwa fedha nyingi.

Mwanzoni mwa 2007 Microsoft ilitoa Windows Vista. Ndani yake kulikuwa na utaratibu mpya: kadi ya picha isipojibu kwa sekunde mbili, Windows inaivunja kazi, inaianzisha upya pamoja na pilote yake, na kuandika ule ujumbe. Kabla ya hapo mashine yote ingeganda na mwenye nyumba angechomoa waya. Yaani ule ujumbe unaowaudhi watu Kolwezi ulitengenezwa kama msaada. Tabu ni kwamba unataja jina la yule aliyeshindwa kujibu, hausemi kwa nini. Na mwaka ule pilote zenyewe zilikuwa na makosa ya kweli. Barua za ndani za Microsoft zilizofunguliwa mahakamani mwaka 2008 zilionyesha kwamba, katika kuanguka kwa Vista kulikorekodiwa mwaka 2007, zaidi ya robo kulihusishwa na pilote za Nvidia. Sifa hiyo mbaya imebaki hadi leo, na ndiyo inayomfanya fundi aanze na pilote kila mara.

Mwezi wa Julai 2007 hiyo hiyo, Microsoft ilikubali jambo lingine. Mashine yake ya michezo, Xbox 360, ilikuwa inakufa kwa wingi, ikiwasha duara la taa nyekundu. Kampuni iliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa matengenezo. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2008, Nvidia nayo ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zinakufa. Hapo hapakuwa na kosa la programu hata kidogo. Chipu hukaa juu ya mamia ya vitone vidogo vya risasi ya kulehemu. Ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na kilicho chini yake kinatanuka kwa kipimo tofauti. Rudia hivyo mara elfu moja, vitone vinapasuka. Kadi inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inakatika, na kwenye skrini bado linaandikwa neno lilelile: pilote.

Watu wengine duniani walianza kuoka kadi zao kwenye oveni ili kuyeyusha vitone vishikane tena. Kadi ilifufuka wiki mbili, mwezi, kisha ikafa kabisa. Wenye kutamani kujaribu hilo kwenye sufuria ya nyumbani wakumbuke kwamba moshi wake una sumu na sufuria hiyo ndiyo ya kupikia bukari.

Mara moja, lakini, pilote ilikuwa na hatia kweli, na hatia yenyewe ilikuwa ya joto. Mwezi wa Machi 2010 Nvidia ilitoa pilote namba 196.75. Ilikuwa na kosa katika kuendesha feni: mchezo unakolea, kadi inapata moto, feni haiongezi mwendo. Malalamiko yalikuja kutoka kwa wachezaji wa michezo ya Blizzard, Blizzard ikawaonya watu, Nvidia ikaiondoa pilote hiyo haraka. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, StarCraft II ilitoka na kisa kingine: kwenye ukurasa wa kungojea, mahali ambapo hakuna vita wala mchezo, kadi ilikuwa inachora picha kwa kasi isiyo na kikomo, mamia kwa sekunde, na kujichemsha bure. Dawa iliyotolewa na Blizzard ilikuwa mistari miwili tu ya kuandika kwenye faili la mipangilio, ya kuweka kikomo cha picha 30 kwenye kurasa za kungojea na 60 ndani ya mchezo. Mwaka 2021 mambo yakajirudia na mchezo wa New World wa Amazon, ambapo baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa kabisa. EVGA, iliyouza kadi hizo, ikaeleza kwamba tatizo lilikuwa kwenye ulehemu.

Kikomo cha picha kinastahili kusemwa polepole, maana ndicho dawa ya bei rahisi kuliko zote. Skrini nyingi za mtumba zilizoko Kolwezi haziwezi kuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Kadi inayochora 140 inatupa 80 kila sekunde, lakini joto la zile 80 linabaki ndani ya chumba. Kuweka kikomo cha 60, au hata 30 kwa mashine dhaifu, hakugharimu hata faranga moja.

Turudi sasa kwenye chumba cha Manika, saa moja jioni.

Kadi zinazofika hapa si mpya. Zinakuja ndani ya kompyuta za mtumba, nyingi kupitia Lubumbashi. Zile kubwa kubwa zinazouzwa rahisi huwa na historia yake. Mwezi wa Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kutengenezwa kwa kadi za picha, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mchana na usiku zikamwagwa sokoni kwa bei ya chini. Kazi hiyo nayo duniani inaitwa "kuchimba". Kuna kadi Kolwezi ambayo yenyewe ni krezere mstaafu, imechoka kifua kabla ya kufika. Feni zake zimelegea, na pate ya joto, ile dawa ya kijivu kati ya chipu na shaba, imekauka ikawa unga.

Kadi kama hiyo inawekwa kwenye mji ulio juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, pungufu kwa asilimia 15 hivi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni ileile inapuliza, lakini inachopuliza ni kidogo. Watu wa pwani wanaosema kadi fulani haina tabu wanasema kweli ya kwao.

Juu ya hayo kuna umeme. Kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta hupokea volti 220 za SNEL na kuipa kadi volti 12. Kipimo kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Jioni, umeme wa mtaa unaposhuka hadi 170 au chini, kisanduku duni hujitahidi kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, kinapata moto, na pale ambapo mchezo unaomba nguvu kwa ghafla, volti 12 zinateleza. Kadi inapepesuka. Sekunde mbili zinapita. Windows inaandika: pilote. Migodi iliyozunguka mji nayo ina njaa ya umeme, inaongeza kwa jenereta na kwa umeme unaonunuliwa Zambia, lakini mgodi una mainjinia wa kuangalia volti usiku kucha. Chumba cha michezo kina kijana mmoja na waya wa kuungaunga.

Na delestaji, ukataji wa umeme kwa zamu, unaua kwa namna mbili. Umeme ukikatika mchezo ukiwa umekolea, feni zinasimama papo hapo wakati chipu bado ina moto, na joto lililokuwa linatolewa nje linabaki palepale. Kisha inapoa, umeme unarudi, inapata moto tena. Vile vitone vya kulehemu vilivyoisumbua Nvidia mwaka 2008 vinatanuka na kusinyaa kila siku mara tatu, mara nne. Pili, umeme unaporudi hupiga kwa nguvu. Wenye uzoefu huchomoa waya ukutani mara tu taa inapozimika na kungoja dakika kadhaa baada ya kurudi. Stabilizatere husaidia kwa volti za jioni, mradi iwe na uwezo wa kutosha. Ile ndogo ya televisheni ikifungwa kompyuta yenye kadi kubwa itakuwa yenyewe ndiyo tatizo.

Kinachobaki ni vumbi. Vumbi lina habari yake ambayo haiishii kwenye kompyuta.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hakuna mvua. Malori ya madini yanapita, ardhi nyekundu inapaa, inaingia kila mahali. Ndani ya kadi inakaa kati ya mapezi ya shaba na alumini mpaka inakuwa kama blanketi. Fundi akifungua kadi iliyokaa miaka miwili karibu na barabara, anatoa kipande kizima, kinene kama sponji. Hapo anafanya kile ambacho kila mtu hufanya: anapuliza kwa mdomo, au kwa pampu ya gari, chumbani, watoto wamemzunguka wakitazama.

Mwaka 2014 hivi kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, na mtaa ukageuka mashimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji walikwenda huko kupima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti na metali nyingine kwa kiasi kikubwa kuliko kwenye mtaa wa kulinganishia, metali hizo zilionekana kwenye damu na mkojo wa wakaaji, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, ambao hucheza chini na kutia mikono mdomoni. Vumbi linaloziba kadi ya picha ya Kasulo ndilo hilo hilo. Kompyuta kwa kweli ni chombo kizuri cha kukusanya vumbi: feni zake zinavuta hewa ya chumba saa kumi kwa siku. Kinachotolewa mle ndicho kilichokuwa kinavutwa na waliolala chumba hicho.

Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Wengine wamehamishwa kwa ajili ya migodi mingine tangu hapo. Ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH la Septemba 2023 ilieleza jinsi watu walivyoondolewa kwenye nyumba na mashamba kuzunguka Kolwezi, na jinsi nyumba zilivyopasuka kuta katika mtaa wa Gécamines, jirani na shimo la mgodi lililo ndani ya mji. Familia zinapohama hubeba magodoro, sufuria, na kama ipo, kompyuta. Kwa familia kama hiyo kompyuta moja si mchezo. Mchana inaandika barua za maombi ya kazi na kuchapa mitihani ya shule, jioni inatoza mechi moja moja. Mara nyingi ndiyo kodi ya nyumba mpya.

Safari yenyewe inaua kadi nyingi. Kadi kubwa ina uzito wa kilo moja au zaidi, imening'inia upande kwenye nafasi yake, na barabara ya kwenda kwenye viwanja vipya inajulikana ilivyo. Inafaa kuitoa kabla ya kupanda pikipiki, kuifunga kwenye kitambaa cha pamba na kuiweka peke yake. Kompyuta iliyofika salama ikianza kuanguka siku ya kwanza, cha kwanza ni kuitoa kadi na kuirudisha vizuri mpaka ibane. Katika nyumba mpya isiyo na dari, kasha lisiwekwe kwenye kona chini ya bati wala kusukumwa ukutani. Feni inahitaji upana wa kiganja nyuma yake.

Mafundi wazoefu wa mji huu hawaanzi na pilote. Wanaanza na swali: inaanguka saa ngapi? Mashine inayocheza vizuri dakika 15 au 20 kisha inaanguka, asubuhi hata jioni, ina joto. Wanafungua programu ya kupima kama GPU-Z au HWiNFO, wanaacha mchezo uende, wanatazama nyuzi. Kati ya 60 na 80 kadi nyingi hazina shida. Ikipita 85 na kuendelea kupanda, wanasafisha, wanabadili pate, wanaweka kikomo cha picha, halafu wanapima tena kabla ya kudai fedha. Mashine inayoanguka jioni tu, na saa nane za usiku inacheza bila kigugumizi, ina ugonjwa wa umeme, na multimeta itasema zaidi kuliko Windows. Mashine inayoanguka hata ikiwa baridi, mara mchezo unapofunguka, na ilianza hivyo baada ya pilote kubadilishwa, hiyo ndiyo ya pilote.

Kwa hiyo ya tatu kuna mtego mmoja. Pilote mpya kabisa si nzuri kwa kadi ya zamani. Nvidia iliacha kutengenezea pilote kadi za kizazi cha Fermi, zile nyingi za namba 400 na 500, mwaka 2018, na kwao ya mwisho ni 391.35. Kadi nyingi za 600 na 700 zilisimama kwenye pilote za namba 470 mwaka 2021. Fundi anayepakua pilote mpya usiku kucha kwa megabaiti za bei ghali, akiilazimisha kadi ya mwaka 2011 iipokee, anachoma fedha ya mteja. Ile sahihi inafaa kuhifadhiwa kwenye fleshi, ya zamani ikafutwa kwanza kabisa kwa programu ya Display Driver Uninstaller, Windows ikiwa imewashwa kwa hali salama, kisha ile sahihi ikawekwa bila intaneti ili Windows isiharakishe kuleta ya kwake.

Kuhusu vumbi, utaratibu wao ni mfupi. Kompyuta inachomolewa na kupelekwa nje, upande ambao upepo unakwenda mbali na nyumba. Ardhi inanyunyiziwa maji kwanza. Feni inashikwa kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Barakoa, au kitambaa chenye unyevu, puani. Vipande vinene vinatolewa kwa brashi ya rangi na kuzikwa, na watoto wanaambiwa warudi ndani mpaka kazi iishe na mikono ya fundi ioshwe.